Nta Iliyokataa Kuganda

Umeme ulikatika saa nane mchana, na nta katika mikebe yote ikaanza kuganda isipokuwa katika mkebe wa Perpétue.

Wanawake wenzake waliguna, wakainua brashi zilizokwisha kuwa ngumu kama vijiti. Mwalimu wao, Adero, alicheka. Alikuwa Mkenya wa Kisumu aliyepanga chumba nyuma ya maduka ya Kasubi, Kampala, kwenye mteremko unaoshuka kutoka makaburi ya wafalme, na humo aliwafundisha watu kuchora kwa nta ya moto iliyotiwa rangi.

"Si niliwaambia?" alisema. "Hii si rangi ya maji. Ni nta ya nyuki, utomvu mkavu wa kuikaza na rangi ya unga. Ikiwa moto inakutii. Ukigeuka tu kumsalimia mtu, imeganda. Haya, washeni sigiri, na ile pasi ya mkaa muitie makaa. Nani atanikumbusha kazi ya pasi?"

"Kuunganisha," mmoja alijibu.

"Ndiyo. Kila tabaka ukishalipaka, unapitisha moto juu yake, karibu bila kuligusa, mpaka liyeyuke kidogo lishikane na la chini. Bila moto litabanduka lote." Alifika kwa Perpétue, akachungulia. "Mama Reine, yako vipi?"

"Bado ni maji, mwalimu."

Adero aligusa bamba la jiko la umeme. Lilikuwa baridi. Akagusa mkebe, akautoa mkono haraka, akasema labda utomvu umekuwa kidogo, ingawa utomvu ule aliupima mwenyewe. Perpétue hakumwambia alichohisi yeye alipougusa: joto la paji la uso la mtoto mwenye homa.

Kasubi nzima ilimwita Mama Reine kwa sababu Reine ndiye mtoto pekee waliyemwona naye. Kabla ya Reine alikuwepo Exaucée. Walipokimbia vita kutoka Kivu, Exaucée alishikwa na homa njiani, na kabla hawajafika mpaka wa Bunagana akafa, akiwa na miaka tisa. Baba yake, Ambroise, aliazima jembe, akachimba kando ya barabara, kisha wakaendelea kutembea kwa sababu watu waliokuwa nyuma yao walikuwa wanatembea. Simu yenye picha zake ilichukuliwa na wenye bunduki kwenye kizuizi. Haikubaki picha hata moja.

Ambroise sasa aliuza vitenge sokoni Nakivubo na alikuwa shemasi kanisani, mtu mpole, mtu wa kuheshimiwa. Lakini jina la Exaucée hakulitaja tena tangu siku ile, na Perpétue hakumsamehe kwa hilo. Aliposikia kuna mwanamke anayefundisha kuchora nyuso kwa nta, nyuso zisizofifia, alijiandikisha kwa jambo moja tu.

Nta yake aliinunua mwenyewe. Ile ya Adero ilikuwa ya njano, safi, na ghali. Huko Nakivubo, Mushagalusa, mfanyabiashara wa asali kutoka Walungu, huko kwao Kivu, alimuuzia bonge jeusi lenye harufu nzito.

"Hii umeitoa wapi?" Perpétue aliuliza.

"Luzira, karibu na ziwa. Kuna nyumba imeachwa, nyuki wamejaza ukuta mzima. Tulivunja ukuta tukatoa."

"Wenye nyumba waliwaruhusu?"

Mushagalusa alikwepa macho yake. "Hakuna anayekaa pale, mama. Watu hawakai pale."

Perpétue alichukua bonge lake, akaenda zake.

Shida ilikuwa uso. Kila alipofumba macho aliiona nguo ya Exaucée, nywele zake zilizosukwa, mkono wake ulioshika kikombe. Uso wenyewe uliyumba kama kitu kilicho chini ya maji. Adero ndiye aliyempa wazo, tena kwa huruma. "Si una binti mwingine? Wa umri ule ule? Mlete akae hapa mbele yako. Ndugu hufanana. Utaanza na uso wa huyu, halafu moyo utakuonyesha wa yule."

Reine aliletwa baada ya shule, akaketi kwenye kiti karibu na dirisha. Alikuwa mtoto wa kucheka, asiyetulia. Alikuwa na kishimo kwenye shavu la kushoto, na kovu dogo kidevuni, la uji wa moto uliommwagikia hapa hapa Kampala, mwaka mmoja baada ya dada yake kuzikwa.

"Huyo ni nani unamchora?" aliuliza.

"Dada yako."

"Kwa nini unaniangalia mimi?"

"Tulia, Reine."

Siku hiyo Perpétue alichora kishimo. Exaucée naye alikuwa nacho, au Perpétue aliamini hivyo. Alichovya brashi, akapaka, akapitisha pasi ya mkaa juu yake. Nta ikang'aa, ikatulia, na shavu likatokea ubaoni likiwa na kishimo chake, hai kiasi kwamba wanawake wengine waliacha kazi zao wakaja kutazama. Mmoja alisema chumba kinanukia asali. Mwingine akasema ni asali iliyoungua.

Jioni, akimpaka Reine mafuta, Perpétue alisema, "Cheka kidogo nikuone."

Reine alicheka. Shavu la kushoto likabaki tambarare.

Perpétue alilibonyeza kwa kidole. Akaleta taa karibu. Akamwita mumewe, akamuuliza kama mtoto hakuwa na kishimo hapa, na Ambroise aliyekuwa anakunja vitenge akainua kichwa, akatazama, akasema hakumbuki vizuri, labda alikuwa nacho alipokuwa mdogo. Perpétue akairudisha taa mezani. Ndani ya hofu yake kulikuwa na kitu kingine, chembe ya furaha ambayo hakutaka kuiangalia.

Aliporudi studio, kulikuwa na nyuki wawili watatu kwenye kioo cha dirisha, wakitembea bila kuruka. Aliliondoa shuka lililofunika ubao. Uso ulikuwa umejaa zaidi ya alivyouacha. Alipousogelea, akahisi pumzi ikigusa mdomo wake, vuguvugu, na sauti ikasema, ndogo, ya lugha ya nyumbani, "Mama, niko na baridi. Leta tena moto."

Ilikuwa sauti ya Exaucée. Miaka sita hakuwa ameisikia, na aliitambua kama mtu anavyotambua mlango wa kwao gizani. Akakaa sakafuni. Wenzake walikuwa bado hawajafika.

"Exaucée?"

"Mulinizika na haraka, mama. Leta moto."

Akaleta moto.

Kuanzia hapo hakukosa hata siku moja. Reine aliketi kwenye kiti chake, na kila mara Perpétue alipopaka na kupitisha pasi, kitu kilitokea ubaoni na kitu kikapotea kitini. Zikaenda nyusi. Ukaenda ule mkunjo mdogo wa pua. Kisha likatokea jambo ambalo Perpétue, hata baadaye, hakuweza kusema hakulielewa: asubuhi moja alifunua ubao akakuta kidevuni mwa picha kuna kovu. Kovu la uji. Exaucée hakuwahi kuwa nalo. Alikufa kabla uji ule haujapikwa. Aliyekuwa anakua ubaoni, basi, alikuwa anakula kutoka kwa Reine, na hakuwa na haja ya kuficha. Perpétue alisimama hapo brashi mkononi kwa muda mrefu. Kisha akachovya nta, akalifunika kovu kwa tabaka jipya, akalipitishia moto.

Nyumbani Reine aliacha kucheka. Akaacha kukimbia. Ngozi yake ikaanza kung'aa kama mtu aliyepakwa mafuta mengi, ikawa baridi, na siku Perpétue alipomshika mkono kuvuka barabara, alama za vidole vyake zilibaki kwenye mkono wa mtoto mpaka walipofika nyumbani. Mwalimu wa shule alituma ujumbe kwamba Reine ameacha kuhudhuria. Reine alikuwa ameketi dawati la mbele kila siku. Mwalimu alikuwa hamwoni tu.

"Mama," Reine alisema wakati anafungwa viatu, "ukiniangalia pale kwa Mwalimu Adero, nasikia kama unanikwangua."

"Unasikia vibaya. Toa mguu mwingine."

"Leo nisiende."

"Toa mguu, Reine."

Ambroise alimpeleka zahanati. Walipima damu, hawakuona malaria wala typhoid. Alimpeleka kanisani, wakamwekea mikono, na kwa siku moja harufu ya asali iliyoungua, iliyokuwa imeingia mpaka nyumbani, ikaondoka. Ikarudi kesho yake, na safari hii ilirudi na sauti, mngurumo mdogo ndani ya ukuta wa chumba alicholala mtoto, kama ule unaosikika ukiweka sikio kwenye mzinga. Jioni hiyo umeme haukuwepo mtaa mzima. Ambroise aliinua mshumaa, akamkuta binti yake amesimama kwenye kona akiwa ameuelekea ukuta, akirudia kwa sauti isiyokuwa yake, "Niko na baridi, niko na baridi," na alipomgeuza akaona uso ambao ulikuwa na macho na pua na mdomo mahali pake na ambao, hata hivyo, asingeweza kuapa kuwa ni wa mtu anayemjua.

"Perpétue," alinong'ona. "Mtoto huyu ana nini?"

"Amechoka."

"Umefanya nini?"

Perpétue akamchukua mtoto, akamlaza.

Aliyeuvunja ukimya alikuwa Adero. Alifika studio mapema kufagia, akasikia mtu anaimba nyuma ya shuka, wimbo wa kubembeleza watoto. Akalifunua. Uso ule ulimtazama, ukamfuata kwa macho kutoka meza hadi mlango, na mdomo ukafunguka, na ndani ya mdomo, badala ya ulimi, akaona nyuki wamejazana, wakipanda na kushuka. Adero alitoka mbio bila viatu, na watu wa Nakivubo walimwona akishuka kwenye bodaboda akiwa peku mbele ya kibanda cha Ambroise.

"Baba Reine, funga biashara," alisema. "Lile jambo lililo kwangu si picha. Na linamtaka mtoto wako. Twende kwa shehe."

"Mimi ni shemasi, dada."

"Umeshaomba?"

"Nimeomba."

"Limetoka?"

Ambroise alivua tepu ya kupimia shingoni, akafunga kibanda.

Shehe Huzaifa alikaa karibu na msikiti ulio chini ya mteremko, Mganda mnene mwenye kikohozi, asiyependa maneno mengi. Alisikiliza yote, akauliza swali moja tu: nta ilitoka wapi. Ambroise alimpigia simu Mushagalusa wa pale sokoni kwake, na shehe alipoambiwa Luzira, kwenye ukuta wa nyumba iliyoachwa, alifumba macho.

"Nyuki walijenga juu ya jini wa pale, au yeye alijenga ndani yao," alisema. "Mmevunja nyumba yake, bambi, maskini nyinyi, naye anatafuta nyingine. Nta ni ubaridi tu. Anataka nyumba ya damu. Mwiteni mama. Mleteni na mtoto."

Walikutana studio alasiri, mvua ikipiga mabati kiasi cha kuwalazimisha kusogeleana ili wasikilizane. Adero alibaki mlangoni. Reine aliwekwa kwenye kiti chake, kwa sababu hakuweza tena kusimama. Mikono yake ilikuwa imeshikana na mapaja. Pasi ya mkaa ilikuwa juu ya sigiri. Shehe alilivuta shuka, akaanza kusoma.

Mwanzo hakikutokea kitu, ila harufu, nzito, tamu, ya kutapisha. Kisha mngurumo ukaanza, ukatoka ubaoni ukaingia kwenye meza, ukatoka kwenye meza ukaingia kwenye meno ya kila aliyekuwa humo, na nyuki wakaanza kutoka kwenye nyufa za ukuta ambao haukuwahi kuwa na nyuki, wakatambaa juu ya dirisha mpaka mwanga wa mchana ukawa wa kahawia, na shehe akapandisha sauti, na uso ubaoni ukamgeukia, ukacheka kicheko cha Reine, kile kile kilichopotea nyumbani.

"Toka," shehe alisema.

"Nimeitwa," uso ukajibu. "Nimelishwa. Nitoke niende wapi?"

Shehe alikohoa, akajifuta jasho, akamgeukia Perpétue. "Nnyabo, mama, mimi siwezi kuvunja nilichokuta kimeunganishwa na mkono wa mzazi. Aliyeunganisha ndiye atenganishe. Chukua pasi. Uyeyushe uso huo mpaka ubao uonekane. Fanya sasa hivi, mtoto amekwisha."

Perpétue aliichukua pasi. Aliinyanyua mpaka joto lake likafika kwenye shavu la picha, na shavu likaanza kutokwa jasho. Macho ya ubaoni yakajaa machozi. Sauti ikabadilika, ikawa ndogo, ikawa ile ya barabarani, ya homa.

"Mama. Utaniacha tena kando ya njia?"

Mkono wake ukashuka.

"Perpétue!" Ambroise alipaza sauti.

Hakumsikia. Alikuwa anamtazama Exaucée, uso wake wote, uliokamilika, ule alioulilia miaka sita na kuambiwa na kila mtu kwamba Mungu ametoa na Mungu ametwaa. Na alikuwa anamtazama Reine kitini, kitu chenye umbo la mtoto, kimeng'aa, kimenyamaza, karibu hakina sura. Na akawaza, kwa akili iliyotulia kabisa, kwamba mmoja wao amekwisha kwenda nusu na mwingine amekwisha kurudi nusu, na kwamba hakuna mama yeyote duniani aliyewahi kupewa nafasi hii.

Reine alifungua mdomo. Midomo yake ilikuwa imeshikana, ikaachana kwa uzito.

"Mama, mimi ni Reine."

Perpétue hakusogea.

"Mama. Mimi ni Reine."

Tone likaanguka kutoka kwenye kidevu cha mtoto, likagonga sakafu, likaganda hapo hapo. Ndipo Ambroise aliporuka. Hakumnyang'anya pasi, kwa sababu alikuwa amesikia maneno ya shehe. Aliushika mkono wa mkewe pamoja na pasi, akaufunika kwa wake, akausukuma kwa nguvu zote kwenye uso ule. Perpétue alipiga yowe, akapigana naye, akamuuma begani. Nta ikalia kama mafuta kwenye kikaango. Likaenda paji, yakaenda macho, ukaenda mdomo uliokuwa bado unaita mama, na yote yakateremka juu ya ubao mistari mistari, meusi, mpaka sakafuni, na Ambroise alikuwa analia kwa sauti na kutaja jina ambalo hakulitaja tangu Bunagana, "Exaucée, mwanangu, Exaucée, nisamehe," na hakuachia mkono mpaka ubao mtupu ulipoonekana ukifuka moshi.

Mngurumo ukakatika. Nyuki wakaanguka kutoka dirishani kama punje za mtama, wote wamekufa. Na kitini mtoto akaanza kukohoa, akatapika maji, akalia kilio cha kawaida, cha mtoto aliyeogopa.

Shehe Huzaifa alisoma mpaka mwisho, akaamuru ubao na nta viteketezwe na majivu yakatupwe kwenye maji yanayotembea. Akamwangalia Perpétue aliyekuwa amekaa chini na mkono ulioungua. Akaaga.

Reine alirudi. Siku kwa siku ngozi yake ikapata joto, kishimo kikazama tena shavuni, kovu likaonekana kidevuni, na shuleni mwalimu akamkaribisha kana kwamba alikuwa safarini. Akaanza kucheka. Alicheka na baba yake aliyemchukua Nakivubo siku za Jumamosi, alicheka na Adero ambaye aliacha nta akawa anafundisha rangi za maji. Ambroise naye alibadilika. Jioni alianza kumsimulia Reine habari za dada yake, jinsi alivyopenda kuimba, alivyoogopa bata. Perpétue alisikiliza kutoka jikoni. Alipojaribu kuuona uso wa Exaucée hakuona hata ule wa chini ya maji. Palikuwa peupe.

Kwa mama yake Reine hakuwa mkaidi. Alimsalimia, alimtii, alichukua chakula kwa mikono miwili akasema asante. Alipoitwa alikuja. Alipokumbatiwa alisimama wima mpaka akaachiwa. Perpétue alingoja hali hiyo iishe, akaona wiki zinapita na miezi inapita na haiishi, na siku moja, wakiwa wawili tu wanaosha vyombo uani, hakuweza tena.

"Reine. Wewe unajua kwamba nakupenda?"

Mtoto alisuuza sahani, akaiinamisha juu ya nyingine ikauke.

"Ninajua, mama."

"Sasa ni nini?"

Reine alifikiri jinsi ya kulisema bila kumkosea adabu.

"Nilikuita mara mbili," alisema. Kisha akachukua sahani nyingine.